Ufa Huinuka, Mkwaruzo Huzama

Medali yangu ya kwanza yenye kosa haikuwa na kosa. Ilikuwa ya metali nyeupe, mchanganyiko laini wa bati, kumbukumbu ya Maonyesho Makuu ya London ya 1851. Mgongoni jengo la Crystal Palace limenyooshwa kwa urefu wake wote, na chini yake vijiherufi vinataja vipimo vya jengo na jina la aliyelibuni, Joseph Paxton. Kilichonitia wazimu kilikuwa angani, juu ya paa: herufi nne zilizozama ndani ya metali, zimegeuka kama maandishi yanayotazamwa kwenye kioo. Muuzaji alieleza kuwa ni kosa la mtambo, tena adimu sana. Nikalipa siku hiyo hiyo nisije nikatanguliwa.

Ilipofika nikampelekea picha mzee mmoja ambaye tulikuwa tukiandikiana habari za sarafu. Nilitarajia pongezi.

“Mwanangu,” akajibu, “na upande wa pili uko wapi?”

Sikuwa nimeupiga picha kwa sababu niliona hauna la maana. Upande huo ulikuwa na kichwa cha Albert, mume wa Malkia Victoria, shavu na nywele za juu ya sikio zimesawazika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Nilidhani ni uchakavu wa miaka.

“Uchakavu hula kila palipoinuka,” Mzee akaandika. “Huo wako umekula mahali pamoja tu, tena sambamba na herufi zako. Hapo ndipo lilipokaa taya la jiliwa. Mtu kaweka medali mbili pamoja akakaza, ngumu ikaiuma laini. Pole sana. Wengi wetu tuliingia kwa mlango huo huo.”

Nilikuwa nimepigwa changa la macho, na tope nilijipaka mwenyewe.

Ilibidi nirudi nyuma nijifunze medali hutengenezwaje, somo ambalo nilikuwa nimeliruka kwa pupa ya kununua. Kuna mihuri miwili ya feleji, yaani chuma kigumu, mmoja wa uso, mmoja wa mgongo. Picha imechongwa ndani ya muhuri, imezama na kugeuka. Kisahani kitupu cha metali huwekwa katikati, mara nyingi ndani ya pete ya chuma inayoizuia metali isitawanyike, kisha mtambo wa parafujo hushushwa kwa nguvu. Metali hutiririka na kujaza kila tundu la mihuri. Ni kugonga muhuri kama wa ofisini, ila hapa mihuri ni miwili na karatasi ni bati.

Kosa nililodhani nimelipata hutokea hivi. Medali iliyokwisha kugongwa hunasa kwenye muhuri wa juu na fundi haoni. Anaweka kisahani kingine, anashusha mtambo. Chini, kisahani kinapokea picha ya muhuri kama kawaida. Juu, hakikutani na muhuri, kinakutana na mgongo wa ile medali iliyonasa. Kinachotoka ni medali yenye picha ile ile pande zote mbili: upande mmoja imeinuka, upande mwingine imezama na kugeuka. Na ule upande ulioinuka hauna kilichopondeka, maana uliegemea muhuri uliochongwa, si taya tambarare la jiliwa. Yangu ilikuwa na herufi za medali nyingine kabisa, zimekandamizwa juu ya picha iliyokwisha kukamilika. Kosa la kweli huingia medali inapozaliwa. Langu liliingia ukubwani.

Tangu hapo nikiletewa kitu siulizi kwanza ni nini. Nauliza ni lini.

Kwa mistari, jibu la swali hilo hupatikana upesi, na Mzee alinipa kwa maneno manne niliyoyabandika ukutani: ufa huinuka, mkwaruzo huzama. Muhuri ukipasuka, metali huingia ndani ya ufa, kwa hiyo kwenye medali unapata mstari ulioinuka, mwembamba, usionyooka. Kitu kikiikwaruza medali baadaye, kinachimba mfereji. Kwa jicho tupu vyote viwili ni mstari tu. Weka lenzi ya kukuza mara kumi na ulaze taa pembeni, mwanga uufagie uso wa medali badala ya kuumwagikia kutoka juu. Kilichoinuka kinatupa kivuli upande wa mbali na taa. Kilichozama kinakiweka kivuli ndani yake, upande ule ule ilipo taa. Ukiichoka taa, zungusha medali. Akili ina tabia ya kugeuza bonde kuwa kilima, hasa kama umekwisha kulipa.

Nina medali tatu za jubilei ya 1887, Victoria alipotimiza miaka 50 kwenye kiti cha enzi. Zote tatu uso wake ulitoka kwenye muhuri mmoja. Ni za kiwanda binafsi, za aina iliyofurika mwaka ule: nyepesi, za kugawiwa watoto wa shule au kuuzwa kando ya njia ya gwaride. Ya kwanza ina uzi mmoja mwembamba unaotokea ukingoni, unapita katikati ya herufi mbili bila kuzigusa, na unapotea kabla ya kufika kwenye bega la Malkia. Unaweza kuitazama mwaka mzima usiuone. Katika ya pili uzi umekuwa kamba. Umeinama ukapita juu ya herufi moja, umepanda hadi shingoni, na uwanja wa upande mmoja wa ufa umekaa juu kidogo kuliko wa upande mwingine, kama sakafu iliyotitia. Ya tatu ina donge ukingoni, laini, halina picha wala herufi, limemeza nusu ya herufi iliyokuwa hapo. Kipande cha muhuri kilikwisha kumeguka na kuanguka, na metali ikajaza pengo.

Nikizipanga mezani namwona muhuri akifa. Nimesema “akifa” na sitasahihisha. Hakuna daftari la kiwanda linaloniambia ipi ilitangulia, ila ufa hauna namna ya kujiziba, kwa hiyo mpangilio ni huo tu. Nimeshika mamia ya medali zisizo na kasoro za jubilei ile ile na hakuna hata moja iliyowahi kuniambia iligongwa mapema au mwisho.

Hapa niseme kituko kimoja. Hiyo ya tatu niliikosa mara ya kwanza ilipouzwa. Maelezo yalisema donge liko “saa tano”, wakimaanisha kwenye namba 5 ya uso wa saa. Mimi nikasoma saa tano ya Kiswahili, mshale kwenye 11, nikaikuza picha pale juu kushoto, nikaona pako safi, nikaachana nayo. Donge lilikuwa mkabala kabisa, chini kulia. Ilirudi mnadani baadaye, na safari hiyo nilitazama ukingo wote.

Kwa nini walioona muhuri umepasuka waliendelea kuutumia? Kuchonga mwingine kulikuwa kazi ndefu ya mkono, na jubilei ina tarehe. Hakuna anayenunua medali ya sherehe iliyopita juzi. Na medali si pesa: hakuna sheria iliyomlazimu mwenye kiwanda binafsi kuitupa iliyoharibika. Kilichomzuia ni aibu, na kwenye bidhaa ya rejareja aibu haikuwa kubwa.

Hilo ndilo lililobadilisha nilipokuwa nikitafuta. Mwanzoni nilikuwa nawinda makosa kwenye medali za heshima, bronzi kubwa zenye picha zilizochomoza sana, za washindi na wakuu wa nchi. Medali ya namna hiyo haikamiliki kwa pigo moja. Inapigwa, metali inakuwa ngumu, inachomwa hadi ilainike, inasafishwa, inarudishwa kwenye mtambo, inapigwa tena. Kila inaporudi lazima ikae sawasawa kabisa kwenye mihuri. Isipokaa, pigo jipya huacha kivuli cha picha ya awali kando ya picha mpya. Kwa hesabu hiyo ungedhani bronzi kubwa zimejaa vivuli. Hazijajaa. Pigo la mwisho mara nyingi humeza kivuli cha pigo la kabla yake, na kilichobaki kilikutana na jicho la mkaguzi na chungu cha kuyeyushia. Nilichowahi kukipata ni vijikunjo hafifu kando ya herufi, vya kuonyesha mgeni mvumilivu.

Metali nyeupe, yaani bati lililochanganywa na antimoni au risasi, ni laini. Pigo moja linatosha, na medali inaruka sandukuni. Kosa likiingia halina pigo la pili la kulifuta. Ndiyo maana trei yangu ya makosa imejaa bati la bei ya chini, na wanaokuja kuitazama wakitegemea kuona fedha hunionea huruma.

Hofu ya kosa nayo ina hadithi zake, na ninayoipenda ni ya Benedetto Pistrucci. Aliagizwa kuchonga medali ya ushindi wa Waterloo, vita vya 1815, itakayotunukiwa wafalme washirika. Alichukua takriban miaka 30. Alipokabidhi kazi mwaka 1849 wafalme wote wanne waliokusudiwa walikuwa wamekwisha kufa. Wellington, jemadari wa Uingereza katika vita hivyo, peke yake ndiye aliyekuwa hai. Na kazi yenyewe, yenye kipenyo cha kama sentimita 13, ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuutia moto muhuri ule na kuuzamisha ili uwe mgumu, wasije wakasikia “ta!” na miaka 30 ikapasuka mbele yao. Muhuri usiokomazwa hauwezi kugonga. Wakaishia kutoa nakala kwa umeme. Kwa hiyo ukiuziwa medali hiyo kubwa ya Pistrucci “yenye kosa la kugongwa”, cheka.

Nakala za umeme ni mtego wenyewe. Ufundi huo ulianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1830: shaba huota kidogo kidogo juu ya kalibu na kunakili kila kitu, pamoja na nyufa za muhuri na vivuli vya mapigo. Kosa linakuwa la kweli, medali si ya kweli. Dawa yake ni ubavu. Nakala hizo mara nyingi ni maganda mawili yaliyounganishwa, na mshono huonekana ubavuni au huwa umepigwa tupa ili usionekane.

Ubavu huohuo ulinitia adabu mara nyingine. Nilipata medali ya shaba ya ndoa ya Napoleon na Marie-Louise, 1810, herufi zake zikiwa na kivuli kizuri, cha wazi, pande zote mbili, kimeelekea upande mmoja. Nikaikagua kwa lenzi, nikaridhika. Ubavuni kulikuwa na nyuki mdogo na neno CUIVRE, yaani shaba kwa Kifaransa. Nyuki! Nani asiyejua kwamba nyuki ilikuwa nembo ya Napoleon? Nikauhesabu kuwa ushahidi.

Mzee hakucheka, au kama alicheka hakuandika. Alinieleza kuwa tangu 1832 kiwanda cha sarafu cha Paris kiliweka alama ubavuni mwa medali zake: taa ya kale kwanza, kisha nanga, kisha omo la merikebu, kisha mkono unaonyesha kidole, na kuanzia 1860 nyuki, hadi pembe ya neema ilipoingia 1880. Mihuri ya zamani ilihifadhiwa na medali ziligongwa upya kwa wateja miongo kadhaa baada ya tukio. Yangu ilikuwa ya ndoa ya 1810 iliyogongwa kati ya 1860 na 1880. Bwana harusi alikuwa kaburini tangu 1821. Kivuli kilikuwa halali, kosa lilikuwa halali, ila fundi aliyeteleza alikuwa wa zama nyingine. Tarehe iliyoandikwa usoni ni ya sherehe tu. Napoleon mwenyewe alitengenezewa medali inayosema imegongwa London mwaka 1804, kwa ajili ya uvamizi ambao haukuwahi kufanyika.

Metali isiyo yake ni dai jingine linalopendwa. “Jubilei ya 1897, kawaida metali nyeupe, hii ni jaribio la fedha.” Hapa huhitaji jicho, unahitaji mizani ya kidijitali, uzi na bilauri ya maji. Nilipima ile niliyotumiwa: gramu 31.2. Nikaweka bilauri ya maji juu ya mizani, nikarudisha mizani kwenye sifuri, nikaining'iniza medali kwa uzi ikazama yote bila kugusa chini. Mizani ikasoma 4.28. Gawanya 31.2 kwa 4.28 unapata 7.29, yaani medali ni nzito mara ngapi kuliko maji ya ujazo ule ule. Fedha tupu ni 10.49, bati ni kama 7.3. Ingekuwa fedha, mizani ingesoma karibu 3 tu. Nikakausha vidole, nikairudisha kwa mwenyewe. Niliiona mnadani tena ikiwa na maelezo yale yale.

Uzito husaidia pia kwenye medali zilizopanuka kwa kugongwa bila pete. Metali imehama, haijapotea. Iwe pana na nyembamba kiasi gani, gramu zake zinapaswa kukaribiana na za wenzake. Pungufu sana maana yake kuna mtu ameishughulikia kwa tupa au nyundo.

Matundu je? Medali nyingi za bati zina tundu juu ya kichwa. Zilitobolewa zivaliwe kwa utepe. Si kosa, wala kwangu si dosari. Mtoto fulani alitembea nayo kifuani siku nzima. Siipunguzii heshima, ila siilipii kama ajali.

Kosa langu mwenyewe nilifanya kwa kitambaa. Medali moja ya shaba yenye kivuli cha pigo ilikuwa ya kahawia iliyokolea, nikaona ni uchafu, nikaipiga dawa ya kung'arishia. Ule ukahawia ulikuwa umepakwa kiwandani kwa makusudi. Chini yake ikatoka shaba ya rangi ya waridi, inang'aa kama sufuria mpya, na vijikunjo vya kivuli vimelala kabisa. Sikumwandikia Mzee kuhusu hiyo kwa miezi kadhaa. Mifuko ya plastiki laini nayo iache. Mingi hutoa ute wa kijani unaonata. Na sehemu ya kuhifadhi iwe kavu.

Kuhusu neno “adimu” nimekuwa mgumu. Viwanda binafsi vingi havikuacha hesabu ya vilichogonga, kwa hiyo anayesema “zipo tatu tu duniani” anahesabu alizoziona yeye. Kosa la pigo ni la medali moja: fundi aliteleza mara moja, kisahani kimoja kikaathirika. Kosa la muhuri ni la ukoo mzima. Vyote viwili vinauzwa kwa jina moja.

Hilo nililijua kwa maneno miaka mingi kabla ya kuliona. Nilikuwa na medali ya jubilei ambayo kwenye neno EMPRESS, herufi P ina mkia. Mkia mfupi, umelala mshazari chini ya tumbo la herufi, umeinuka. Nilijiambia ni kivuli cha pigo la pili. Lakini herufi nyingine hazina kivuli, na mgongo ni safi kabisa, wakati pigo la pili kwa kawaida huacha alama pande zote. Si ufa, maana ncha zake ni butu na pana. Nikaiweka pembeni bila jina.

Miaka minne baadaye, kwenye picha ya mnada ambayo nilikuwa naipitia tu, nikaiona P ile ile yenye mkia ule ule, kwenye medali nyingine, chakavu, yenye tundu. Medali mbili haziwezi kuteleza kwa namna moja. Ilikuwa ndani ya muhuri. Nikazikuza zote mbili nikazilaza sambamba kwenye skrini, na hapo mkia ukawa mguu. Ni mguu wa R.

Herufi zilipigwa mojamoja kwenye muhuri kwa chapa ndogo za chuma, kabla muhuri haujakomazwa, zikiandikwa kinyumenyume. Mchongaji alimaliza M, mkono ukachukua R, akaruka P. Akagundua, akajaribu kuifuta, akapiga P juu yake. Mguu ukabaki.

Nilimwandikia Mzee jioni ile kumwambia kwamba medali yangu si ya pekee, ni mojawapo ya ukoo. Akaniuliza nimepoteza kiasi gani. Nikamtumia picha ya ile P, imekuzwa hadi imejaa skrini nzima, na taa imelazwa pembeni.